Pazia la Chumbani

Mchinjaji alikuwa ananoa kisu nyuma ya choo. Si kwamba aliipenda harufu ya pale. Hata inzi walipita wakiharakisha. Ila machinjio yote hayakuwa na mahali pengine ambapo ng'ombe wasingemwona. Marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha: mnyama asikuone ukinoa, wala asimwone mwenzake akichinjwa. Ukishindwa hayo mawili, alisema mzee yule, usilitaje jina la Mungu kwa mdomo huo.

Zamani kulikuwa na ukuta. Ng'ombe walingoja upande mmoja wakicheua, kazi ikafanyika upande wa pili. Kisha ikaja sheria ya ustawi wa wanyama. Redioni watu walibishana mpaka betri zikaisha. Hawa walitaka kila mnyama apigwe kwanza shoti ya umeme kichwani azimie, ndipo kisu kipite, asisikie maumivu. Wale wakauliza, aliyezimia na aliyekufa nani atawapambanua, na nani atakubali kulishwa kibudu? Wakubwa wakagawa katikati kama kawaida yao: anayetaka shoti apige shoti, anayechinja kwa dini achinje kwa dini, lakini wote machinjioni, mbele ya macho ya afisa. Na ili afisa aone vizuri bila kuinuka kitini, ukuta ukabomolewa.

Tangu hapo ng'ombe walipanga foleni wakitazama. Wa mbele akianguka, wa nyuma wanakojoa, wanateleza, wanakanyagana. Mchinjaji alivumilia mpaka akaanza kukosa usingizi. Alfajiri hiyo, mkewe akiwa bado anakoroma, alipanda kwenye stuli akalishusha pazia la chumbani, zito, la kijani, lenye maua makubwa kama sahani. Akalitundika machinjioni, ulipokuwa ukuta, kwa waya katikati ya nguzo mbili.

Mchunaji, mtu wa kumvua ng'ombe ngozi na kumvisha binadamu aibu, alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema leo ng'ombe wamepata chumba cha bibi harusi. Lakini hata yeye aliona: alipochinjwa wa kwanza, foleni ilitulia.

Ikatulia mpaka alipofika afisa, ambaye wenye mabucha walimwita Bwana Ustawi. Alikuwa na buti nyeupe, na alitembea kama mtu aliyeazima miguu na anatakiwa kuirudisha safi.

"Mzee, hiki nini?"

"Pazia, mheshimiwa."

"Humu hakitundikwi kitu bila kibali. Kifungu kipo." Akalivuta. Waya ukakatika, maua yakalala kwenye maji machafu.

Mchinjaji akamwambia kwa upole kwamba yeye hagombani na mashine ya shoti, hayo anawaachia mashehe na maprofesa. Anacholilia ni wanyama wasione tu. Na afisa hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. Alijibu kwamba nyuma ya ukuta kama ule ameshuhudia ng'ombe wakichomwa macho kwa fimbo ili wasogee. Atajuaje hawateswi, akiwekewa pazia? Fimbo zile mchinjaji alizijua, na baadhi ya waliozishika walikuwa wamesimama pale pale, wanaangalia kucha zao.

Lakini ng'ombe wa mbele, mwekundu mwenye pembe moja, alikuwa ameshaiona damu ya mwenzake. Alitetemeka mpaka vyuma vya kizuizi vikagongana.

Mchinjaji akarudisha kisu alani, akageuza ndoo, akaikalia.

"Sichinji."

Wenye mabucha wakaguna. Wateja walikuwa wanawangoja, nyama yenyewe imeshapanda bei mpaka watu wananunua mifupa wakiiita nyama. Mmoja akamsihi: ng'ombe hasomi magazeti, mzee wangu, chinja twende. Bwana Ustawi akasema yeye anakwenda kunywa chai, na akirudi akamkuta bado juu ya ndoo, leseni anaifuta na kumpa mwingine. Mchinjaji hakuwa na kazi nyingine. Nyumba nzima ilikula kwa kisu kile. Hata hivyo, hakuinuka.

Aliyefika kabla ya chai kwisha ni mkewe. Mama huyu alikuwa na umbo la kujaza mlango, na asubuhi ile aliamka akakuta jirani wa dirisha la pili anamsabahi, naye hajavaa sawasawa.

"Mume wangu," akasema mbele ya watu wote, "pazia langu umemhonga mwanamke gani?"

"Mke mwenzako huyo hapo." Akamwonyesha yule mwekundu mwenye pembe moja.

Mkewe akamtazama ng'ombe. Akaitazama damu sakafuni, akamtazama tena ng'ombe, safari hii kwa muda mrefu. Mchunaji akamweleza yaliyotokea, kwa mara ya kwanza bila mzaha. Mama akaliokota pazia, akalikung'uta, na wote wakadhani anakwenda nalo nyumbani. Bwana Ustawi alikuwa amerudi, bado anafuta mdomo.

"Baba, sheria yako inakataza kutundika?" mama akamuuliza.

"Inakataza."

"Na kushika mkononi?"

Mama hakungoja jibu.

"Wewe, shika huku, na usicheke," mama akamwambia mchunaji. Wakalinyanyua. "Na wewe, baba, hamishia kiti chako upande huu tunakochinja, uone kila kitu. Tunayemficha ni ng'ombe."

"Huko kuna damu," alisema afisa, na akajikuta anatazama buti zake.

Hakuna aliyecheka. Ndilo lililomuudhi zaidi. Akatangaza kwamba leseni ya mzee inakufa leo hii, baada ya ng'ombe wa mwisho, na kesho asionekane na kisu humu ndani.

"Kesho nitakuja," alisema mchinjaji, akainuka kwenye ndoo.

Akakificha kisu nyuma ya paja, akamsogelea yule mwekundu, akamshika shingo kama mtu anayemsalimu mgonjwa. Akalitaja jina la Mungu kwa sauti ambayo siku nyingi hakuwa nayo, akakata.

Pazia zito likaanza kumlemea mama. Mmoja wa wale waliokuwa wanaangalia kucha zao akaja akaipokea ncha ya pazia bila kuombwa, na mwingine akampokea mchunaji. Upande wa pili, ng'ombe aliyefuata alinyoosha ulimi akaanza kuramba maua.

Bwana Ustawi akatoa kalamu.

"Andika, baba," alisema mama, akijikanda mabega. "Na uandike kabisa kwamba kesho naleta la sebuleni. Lile ndilo refu."