Aliyeitikia Kitanda cha Tisa

"Nilimshika mkono mpaka mwisho," Zadock alisoma kutoka daftarini. "Mkono wake ulikuwa wa baridi."

Nyuma ya darasa, dekio la Nasambu likasimama.

Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo Mwalimu Waliaula aliwafundisha wanafunzi wake wa udaktari kuandika juu ya wagonjwa waliowapoteza. Si dawa, si vipimo. Waandike walichoona, na kilichowauma. Nasambu, mfagiaji wa wadi miaka kumi na minane sasa, siku hiyo alideki polepole ili asikie. Na huyu mgonjwa wa Zadock, Milka wa kitanda cha tisa, muuza samaki wa Luanda Kotieno kando ya ziwa, alimjua.

"Haukuwa wa baridi," alisema. "Ulichoma kama sufuria ya uji."

Darasa likacheka. "Daktari wa sakafu ameamka!" mmoja akatania.

Nasambu hakucheka. Neno hilo, daktari, lilikuwa limemwandama mwezi mzima. Kila akiinama kudeki chini ya kitanda cha tisa alilisikia, kwa sauti ileile kavu ya Milka, hata kitanda kikiwa kitupu.

"Sema, Mama," Mwalimu akamwambia.

"Mlikuwa mmeenda chai. Homa ilikuwa imemfunga macho, haoni kitu. Akaita, 'Daktari?' Nikanyamaza. Akaita tena. Mara ya tatu nikaitika, 'Niko hapa.' Nikampa mkono, bado una povu la sabuni. Akauliza, 'Nitapona, daktari?'" Nasambu akalishika dekio kwa mikono miwili. "Nikasema ndiyo. Mimi, wa darasa la saba! Akaenda na uongo wangu, na mpaka leo nikideki pale huniita."

"Uongo ni wangu," Zadock akasema, macho mezani. "Aliniomba nisiende. Nikamwambia narudi sasa hivi. Halafu nikaongeza kikombe cha pili."

Akashika ule ukurasa auchane.

"Uache," Mwalimu akasema. "Geuza mwingine, uandike hicho kikombe."

Darasa lilipokwisha, Nasambu alirudi wadini na ndoo yake. Kitanda cha tisa kilikuwa wazi, godoro limetolewa kuanikwa, zimebaki nyaya. Upepo wa ziwa ulileta harufu ya magugu maji yanayooza. Akainama.

"Daktari?"

Akauma midomo, asiitike.

Viatu vikasimama nyuma yake. Zadock, daftari kwapani, akamtazama usoni.

"Ameita, Mama?"

Nasambu akainamisha kichwa kukubali.

Zadock akavuta kiti, akaketi, akaweka mkono wake juu ya zile nyaya tupu, pale ambapo mkono wa mtu ungekuwa.

"Niko hapa, Mama Milka," akasema.

Nasambu akakamua dekio taratibu, maji yasidondoke kwa kelele, akangoja lile swali la pili, la kupona.