Kuzimua Kabla ya Kazi

Sikukuu ilikwisha jana yake, lakini mwanangu wa kwanza alikuwa bado nayo. Nilimkuta asubuhi jikoni kwangu, kaupa mlango mgongo, anamalizia chupa iliyobaki mezani.

"Nazimua tu, mama. Kichwa kinagonga. Hii ikishuka, mikono inatulia."

"Mikono ya mlevi haitulii, inasahau."

"Mama nawe! Mbona marehemu baba alikuwa anazimua?"

"Marehemu baba yako alishona viatu. Akikosea, sindano inamchoma mwenyewe. Wewe unapasua mbao."

Akacheka, akaoga, akanyoa ndevu, akavaa shati safi. Ungemwona ungesema huyu hata soda hajagusa. Lakini mimi nilikuwa namtazama tangu mchana wa jana. Alikaa kiti cha baba yake, na kila shemeji aliyeingia alimmiminia, kwa sababu nyumbani kwetu wanasema ukikataa glasi ya shemeji umemkataa shemeji mwenyewe. Akawapokea wote.

Kiwandani yeye husukuma mbao kwenye msumeno wa umeme. Upande wa pili husimama mume wa binti yangu, ndiye anayevuta. Anayesukuma akipindisha, msumeno unairusha mbao nyuma na kuuvuta kwenye meno yake mkono unaoipokea. Mkono huo si wa mwanangu. Ni wa mkwe wangu, na binti yangu ana mimba.

Mkwe alipokuja kumpitia waende kazini, nilimvuta pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo usimpokelee mbao."

Akainamisha kichwa. "Mama, yule ndiye aliyeniombea kazi. Nimwambieje kaka mkubwa? Kwamba ananuka?"

Wakaondoka. Nilipiga magoti nisali, sala ikanikatikia njiani. Nadhani Mungu alinisikia, ila akanikumbusha kwamba miguu ninayo. Nikajifunga kitambaa changu cha kichwa, nikawafuata.

Pale kiwandani wana utaratibu wao. Anayesukuma huita, "Nakuja!" Anayepokea asipojibu, mbao haisogei, na hata msimamizi haulizi kwa nini. Nikasimama mlangoni, vumbi la mbao likinijaa puani. Kumbe mkwe wangu hakutakiwa kusema neno. Alitakiwa kunyamaza tu.

"Nakuja!" mwanangu akaita, sauti imechangamka kupita kiasi.

Mkwe akamtazama. Akanitazama mimi.

"Njoo, kaka."

Heshima, jamani. Heshima inaweza kumkata mtu vidole.

"Zimeni!" nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. "Zimeni! Mwanangu amelewa!"

Msumeno ukazimwa. Wote wakageuka. Msimamizi akamsogelea, akamnusa kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala.

"Hii ni ya jana au ya leo?"

Mwanangu akageuza uso pembeni.

"Toka. Nikikuhitaji nitakuita."

Mwanangu akavua glavu, akanipita bila kunigusa. "Umenivua nguo mbele ya wenzangu, mama."

"Nimekuvua," nikasema. Mkwe wangu alikuwa amesimama palepale, mikono ameiweka kwapani kama anayesikia baridi, na hakuniangalia.

Nilimfuata mwanangu kwa mbali. Nilidhani anakwenda kwake kulala. Akakata kona, akaingia baa iliyofunguliwa mapema kwa ajili ya watu kama yeye. Tangu nizaliwe sijawahi kuvuka mlango wa baa. Nikavuka. Watu wakapunguza sauti. Mmoja akanisalimia kama yuko msibani.

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

"Mama, nenda nyumbani. Watu wanakuona."

"Waache wanione."

"Unataka nini tena? Kazi umeshaichukua."

"Sijaja kuchukua kitu."

Mhudumu akaweka bia mbele yake, akanigeukia mimi. "Na mama?"

Mwanangu alikuwa ameishika ile chupa kwa mikono yote miwili. Hakuinywa, hakuisukuma.

"Mimi namsubiri huyu," nikamwambia mhudumu.