Mgongo wa Ilario

Jambo ambalo Ilario hakulitambua ni ukimya uliokuwa nyuma yake. Kila Jumapili yeye na mkewe, Norma, waliendesha baiskeli kandokando ya mfereji wa Brenta, Ilario akitangulia. Jumapili moja mwenye baa ya darajani alimtania, "Mzee, leo mke umemdondosha wapi?"

Akageuka, njia ilikuwa tupu. Akarudi, akamkuta Norma ameketi ukingoni akila pichi, baiskeli yake imelazwa majanini.

"Nimechoka kuutazama mgongo wako," Norma alisema. "Maji haya nimeyaona leo tu."

"Si ungeniita, mke wangu?"

"Nilikuita, Ilario. Mwaka mzima."

Tangu hapo Norma huenda mferejini Jumamosi na dada yake, na Ilario huenda Jumapili, peke yake.