Kiti Mbele ya Waliopiga Magoti

Mwaka ule ilipotangazwa kwamba kuna gesi baharini, Kionga nzima, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, ilishikwa na ugonjwa wa kutotulia. Mtu anakaa kibarazani, mara kanyanyuka. Magari meupe yalipita kwenda Palma, na kila gari liliacha vumbi lake na uvumi wake: watu watahamishwa, watu hawatahamishwa, vijana watapata kazi, kazi zimeshachukuliwa na watu wa Maputo. Nazi zilidondoka zisiokotwe, maana mwenye shamba yuko barabarani anauliza habari. Lakini hakuna aliyehangaika kama Dalila binti Abacar, na yeye habari za gesi hakujua ndewe wala sikio. Kilichomkosesha raha yeye ni tufo.

Kwa asiyelijua, tufo ni ngoma ya wanawake wa pwani hii. Wanavaa vitenge vya sare viitwavyo kapulana, wanapaka msiro, unga wa mti, usoni mpaka nyuso zinakuwa nyeupe, wanapiga magoti kwa safu juu ya mkeka. Matari yakianza wanacheza kwa mabega, kwa mikono na kwa shingo. Mmoja anatoa wimbo, wengine wanapokea. Kwingine siku hizi wanasimama, lakini Kionga hawasimami, na ukitaka ugomvi nao waambie wasimame.

Dalila ndiye aliyekuwa akitoa nyimbo tangu usichana wake, na Zuleica, waliyechezwa naye unyago nyumba moja, alipiga magoti ubavuni pake na kuwa wa kwanza kupokea. Kisha Dalila akateleza kwenye miamba akichokoa pweza, goti likavunjika, likaungwa vibaya. Mguu ukawa kama mchi. Haukunjiki hata kwa dawa. Wenzake walimsubiri, hawakumtupa siku ile ile, tusiwasingizie. Ila ilipobainika kwamba goti halirudi, Zuleica akachukua nafasi ya kutoa wimbo na kusema maneno mafupi: "Safu ni safu, shoga. Mmoja akikaa vingine, wote tunaonekana vibaya."

Ubaya wenyewe, mazoezi yalifanyika uani kwa Zuleica, na ua wa Zuleica na wa Dalila umetenganishwa na makuti tu. Matari yakilia Dalila hana pa kujificha. Ananyanyuka, anachechemea hadi kwenye makuti, anarudi, anakoroga chungu kisicho na moto. Wakipokea kabla ya wakati, anawafokea kuku: "Mapema! Mmeingia mapema!" Kuku wanatawanyika, na yeye anabaki na mwiko mkononi, machozi yakimlenga. Ilimuuma. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu na ilimuuma kama mtoto aliyenyimwa mchezo.

Basi akaja Natália, msomi kijana kutoka Maputo waliyemwita doutora, aliyetumwa na kampuni moja kuandaa sherehe ya kufungua ofisi pale Palma. Akawakusanya akina Zuleica na kuwaeleza kwa Kireno, mwalimu wa shule akitafsiri. Kampuni inapenda tufo, alisema, lakini haipendi kundi la watu wa namna moja. Inataka kundi la wote: Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa bara, wazima na walemavu. Kundi lisilo hivyo halitaalikwa. Wanawake wakatazamana. Zuleica, ambaye kwa kuitaka sherehe ile alikuwa hali akashiba, alivuta pumzi na kusema kundi lao ni la wote siku nyingi.

Jioni hiyo hiyo akazunguka makuti na kupitia mlangoni kwa Dalila.

"Hodi, shoga."

"Karibu. Umepotea njia?"

"Usinianze, Dalila. Nimekuja na heri." Akaketi kwenye kinu kilicholazwa, akaeleza habari ya kampuni na sherehe. "Doutora kaleta kiti kizuri cha plastiki. Utakaa mbele yetu, kila mtu akuone."

Dalila akamsogelea. "Mnanirudisha?"

"Kwa siku hiyo."

"Na wimbo?"

Zuleica akachezea ncha ya kapulana yake. "Mdomo utaufungua. Sauti utaiacha. Wimbo natoa mimi sasa, na sauti yako wewe ikitoka tu, nani atanisikiliza mimi? Tumalize salama, halafu tutazungumza habari ya kukurudisha moja kwa moja."

Dalila alitaka kumwambia ainuke kwenye kinu chake, atoke. Lakini lile neno la kurudishwa lilikuwa limeshamwingia. Akasema ndiyo. Usiku kucha akajilaumu, na alfajiri alikuwa ameshapiga pasi kapulana ya sare ambayo haikutoka sandukuni tangu avunjike.

Kwenye mazoezi alimkuta mwenzake wa adhabu. Luzia alikuwa Mmakonde wa Mueda, Mkristo, auzaye maharage sokoni, na kanisani kwao ndiye waliyemtegemea kwa sauti nzito. Alikwisha kuomba kuingia tufo zamani wakamcheka. Sasa wamemfuata wenyewe hadi kwenye meza yake ya maharage. Lakini nao walikuwa na wasiwasi: nyimbo zao nyingine ni za kumsifu Mtume, je, itafaa? Hakuna aliyethubutu kwenda kumwuliza shehe, wasije wakakatazwa sherehe nzima. Wakaona njia nyepesi ni kumwambia Luzia naye afungue mdomo asitoe sauti, hata kwenye wimbo wa kukaribisha wageni usio na dini ndani yake.

"Mana Dalila," Luzia alimnong'oneza siku ya kwanza, akimwita dada kwa Kireno, "mimi nimeitwa kuimba au nimeitwa kwa daktari wa meno?"

Dalila akacheka mpaka Zuleica akamtolea macho. Tangu hapo wakawa pamoja. Wengine wakipumzika, Dalila alimfundisha Luzia maneno kwa sauti ya chini, pale pa kupokea na pale pa kuachia. Hakuambiwa afundishe. Hakuweza kukaa karibu na mtu mwenye sauti asimfundishe, kama mwingine asivyoweza kuona ukili wa mkeka umekatika asiufunge.

Siku ilipofika walipakiwa kwenye lori, na mwalimu wao wa kutafsiri, hadi Palma. Turubai limetandazwa, wageni wamepangwa kwenye viti, spika zinakoroma. Wanawake wakatandika mkeka, wakapiga magoti safu mbili, Luzia mwishoni. Natália mwenyewe akakiweka kiti cha plastiki mbele ya safu, katikati kabisa, akamketisha Dalila, akamnyoosha mguu vizuri, akarudi nyuma kutazama. Akafurahi. Mpiga picha naye akafurahi.

Doutora wa watu hakujua alichokifanya, na akina Zuleica, kwa tamaa ya sherehe, walikuwa wamejisahaulisha. Katika nchi hii mwanamke aliyepakwa msiro, akakaa peke yake kitini na wenzake wamepiga magoti nyuma yake, ni bibi mkuu wa ukoo. Serikali humwita rainha, yaani malkia. Mbele yake mwanamume huvua kofia, na hakuna wa kufungua kinywa kabla yake.

Mkuu wa wilaya alishuka garini na wageni wake, Wazungu wa kampuni. Alikuwa mtu wa pwani, mtoto wa watu mwenye adabu zake. Alipomwona Dalila alisimama ghafla. Akavua kofia. Akaacha safu ya wakubwa wenzake, akaja moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akainama.

"Shikamoo, bibi. Sikuarifiwa kwamba Kionga imepata bibi mpya. Mnisamehe."

"Marahaba," Dalila akajibu, kwa kuwa hakujua amjibu nini.

Wazee wa Palma walioketi nyuma wakaona mkuu kavua, nao wakavua. Minong'ono ikapita. Ingekuwa kwingine, mtu angesema, "Mheshimiwa, umekosea, huyu ni Dalila mchokoa pweza." Lakini ni nani wa kumwaibisha mkuu wa wilaya mbele ya Wazungu? Mkuu akageuka, akapokea maikrofoni kutoka kwa fundi, akaiweka kwa mikono miwili mikononi mwa Dalila.

"Bibi atufungulie," akasema, na kwenda kuketi.

Dalila akageuza shingo kumtafuta Zuleica. Zuleica aliangalia mkeka. Dalila akimwachia maikrofoni, mkuu ataona amedharauliwa. Akiimba, ahadi ya kurudishwa imekufa hapo hapo, maana hii ndiyo sauti aliyokatazwa. Alikuwa na hasira, alikuwa na hofu, na chini ya vyote hivyo, tuseme kweli, alikuwa na hamu. Hamu ikashinda.

"Karibuni wageni wetu, njia ndefu mmetoka!"

Sauti ilitoka nzima. Ilipita kwenye spika, ikafika barabarani, wauza mihogo wakageuka. Akanyamaza pale pa kupokelewa.

Hawakupokea. Matari yalilala mapajani. Kila mwanamke alimtazama Zuleica na Zuleica hakuinua kichwa, na pengo lile lililokuwa la kujazwa na sauti za wanawake wote likabaki wazi, na spika zikilivumisha. Dalila alilisikia mpaka kwenye mifupa. Kisha mwishoni mwa safu, sauti moja nzito ya kanisani ikajibu peke yake:

"Mkeka tumetandika, keti upumzike!"

Luzia alikuwa ametoa macho kama mtu aliyejirusha majini. Dalila akatoa mstari wa pili, Luzia akapokea peke yake. Hapo wageni wakapiga makofi. Walidhani ndivyo inavyoimbwa, bibi mmoja na mwitikiaji mmoja. Mpiga picha akapiga magoti na kamera yake. Natália alikuwa anafuta machozi, na mkuu wa wilaya anatikisa kichwa kwa fahari.

Dalila akaona aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe. Wanampigia makofi kwa tufo iliyokufa! Alimfikiria yule doutora na furaha yake, akaelewa kwamba kiti hiki ataalikwa nacho Palma, Mocímboa, pengine hata Pemba, na kila atakapokwenda ataonekana na hatapokewa. Hakulia kule kwenye makuti siku zote zile ili aonekane tu.

Akaweka maikrofoni juu ya mkono wa kiti. Akashika kiti kwa mkono mmoja, akajishusha. Halikuwa jambo la kupendeza. Kiti kiliteleza, makalio yakatua kwa kishindo, kapulana ikapanda hadi gotini na kovu likaonekana. Wazee wakashtuka: bibi kaanguka! Natália akatoka mbio akikionyesha kiti.

"Senhora! A cadeira, senhora!"

"Mwambieni aniache," Dalila akasema, na mwalimu hakulitafsiri hilo. Akajivuta kwa mikono kinyumenyume mpaka kwenye mkeka, akajiingiza katika safu ya mbele, ubavuni pa Zuleica. Mguu mzima aliukunja. Ule mwingine ukabaki umenyooka, ukapita mbele ya magoti ya Zuleica kama boriti.

"Mguu huo unaupeleka wapi?" Zuleica akasema bila kusogeza midomo.

"Hapa hapa."

"Safu imeharibika."

"Imeharibika, naiona. Nisogezee."

"Dalila, umenivunjia heshima mbele ya dunia."

"Nimekuvunjia. Na wewe ulinifungia mdomo. Sasa nisogezee, mguu unaniuma."

Zuleica akamtazama. Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye msiro wake, na macho yalikuwa mekundu. Alikuwa na uwezo wa kuuacha ule mguu palepale, akapiga ngoma yake juu yake. Akaangalia kovu lililokuwa wazi mbele ya wanaume wageni. Akanyoosha mkono, akaishusha kapulana ya Dalila ikafunika. Kisha akasogeza magoti. Jirani yake naye akalazimika kusogea, na jirani wa jirani, mpaka mwishoni Luzia akatoka nje ya mkeka akapiga magoti mchangani.

"Toa wewe," Dalila akamwambia. "Mimi napokea."

"Koo limenikauka."

"Toa hivyo hivyo."

Zuleica akatoa. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikwaruza mwanzoni, ikakatika katikati ya mstari, na siku nyingine angekufa kwa aibu. Lakini kabla haijafika chini Dalila aliidaka kwa pumzi yake yote, na Luzia kutoka mchangani, na safu ya mbele, na ya nyuma, na matari yakaamka yote pamoja. Mabega yakaanza kwenda. Lile goti bovu halikwenda popote, ila vidole vya mguu vilikuwa vinacheza, kila mtu aliviona.

Mkuu wa wilaya alibaki na kofia mkononi, hajui aivae au asiivae. Natália alisimama kando ya kiti kitupu. Mpiga picha alizunguka safu zote mbili na kamera yake akimtafuta yule bibi, asimwone.