Bega la Bi Masikio

Wivu wa Bi Masikio ulianza siku tangazo lilipobandikwa ukutani, pale juu ya birika la chai. Mafunzo ya kupima usikivu wa watoto wadogo, mbali na nyumbani, nafasi moja tu kwa kliniki yao. Hilo halikuwa na neno. Nafasi ya namna hiyo alikuwa ameingoja miaka. Neno lilikuwa kwenye mstari wa mwisho: watumishi na wanafunzi wote wanakaribishwa kuomba.

"Wanafunzi!" alisema, akatua kikombe kwa kishindo. "Wao wapande, sisi tuliozeeka na mashine tubaki kuifuta vumbi?"

Mwanafunzi pale alikuwa mmoja, na alikuwa wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe. Bi Masikio mwenyewe ndiye aliyemwombea aje kujifunza kazi. Akamwonyesha namna ya kumvalisha mtoto hedifoni bila kumliza, namna ya kumbembeleza mama asijibu kwa niaba ya mwanawe, hata namna ya kukaa kwenye kiti cha mpimaji, mbele ya mashine. Alimfundisha kwa moyo mweupe. Sasa moyo ule ule ulikuwa mweusi tii, naye wala hakuuonea haya.

Jumapili, mezani kwa mama mkwe, mambo yakazidi. Mama mkwe alikwishapata habari kwamba bintiye ameomba ile nafasi, basi kila kijiko alichopakua kilikuja na sifa zake.

"Huyu atafika mbali, nyie ngojeni tu. Nawe mwanangu," akamgeukia Bi Masikio, "utamsemea neno zuri huko kazini, eti?"

"Tena sana, mama." Alicheka kwa meno tu.

"Wifi, usije ukaniroga tu!" yule binti akamtania, akimsogezea maji ya kunawa.

"Nikuroge una nini?"

Watu wakacheka, maana wifi na wifi hawakosi utani. Ila Bi Masikio hakuwa akitania. Njiani kurudi, mumewe akamuuliza kwa upole, "Si mdogo wako yule?"

"Mdogo wangu wa kunibebea mkoba. Wa kunipita sijamzaa bado."



Basi siku ya uamuzi ikafika. Mkufunzi wa yale mafunzo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na miwani ya kuning'inia shingoni, alikuja kuwatazama wakifanya kazi kabla ya kuchagua. Mtoto wa kupimwa alikuwa msichana wa miaka minne, mzito wa kusema, aliyeletwa na mama yake. Wakamketisha kwenye chumba kidogo kisichopitisha kelele, hedifoni masikioni, kitofali cha mbao mkononi na ndoo mbele yake. Kila asikiapo mlio, atumbukize kitofali kwenye ndoo, achukue kingine. Mpimaji hukaa nje, upande wa pili wa kioo, mkono wake umefichwa nyuma ya mashine ili mtoto asimwone akibonyeza.

Wifi akaanza. Akabonyeza, mtoto akatumbukiza. Akapunguza sauti, mtoto akatumbukiza. Akaipunguza mpaka ikawa ya kusikiwa na paka, kitofali kikaanguka vilevile. Mkuu wa kliniki akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na Bi Masikio, aliyesimama nyuma, akawa anahesabu kila kitofali kinachoanguka. Inakwenda, ile nafasi. Inakwenda kwa mtoto wa juzi.

Ndipo alipoyaona macho ya mtoto. Hayakuwa kwenye ndoo. Yalikuwa yamemganda wifi, begani. Na kila wifi alipobonyeza, bega lake la kulia lilipanda kidogo, likashuka.

Mtu mwenye roho nzuri angeinama akamnong'oneza. Bi Masikio roho nzuri alikuwa nayo siku nyingine, si siku ile. Alitaka chumba kizima kisikie.

"Samahani, Mkufunzi. Mtoto hasikilizi mlio. Anatazama bega."

Kiti cha mtoto kikageuzwa, akakipa kioo mgongo. Wifi akarudia. Sasa kitofali kilibaki mkononi, kikabaki, kikabaki, mpaka sauti ilipopandishwa juu sana ndipo kikaanguka. Wifi akainua macho kutoka kwenye mashine, yamejaa machozi. Bi Masikio aliyaona machozi yale na akafurahi. Ndiyo, alifurahi.

"Umeona vizuri," Mkufunzi akamwambia. "Sasa kaa wewe. Mrudisheni mtoto kama alivyokuwa mwanzo, halafu upime kama unavyopima siku zote."

Bi Masikio akakaa, akajitengeneza nguo. "Wifi, hebu tazama wakubwa wanavyofanya."

Akabonyeza. Kitofali kikaanguka. Akapunguza sauti, akabonyeza, kikaanguka kingine. Mkufunzi akanyoosha mkono juu ya bega lake, akazungusha kidude kwenye mashine.

"Nimezima sauti kabisa. Endelea kubonyeza."

Akabonyeza. Mtoto akatabasamu, akatumbukiza kitofali. Akabonyeza tena. Kitofali. Na safari hii Bi Masikio alilisikia bega lake mwenyewe likipanda.

Mkuki kwa nguruwe.

"Hata mwaka jana ulimpima hivyohivyo, dada," mama wa mtoto akasema, taratibu, kama anayejikumbusha. "Ukaniambia masikio mazima, ulimi tu ndio mvivu. Mwaka mzima namgombeza. Nikimwita haitiki, namchapa."

Bi Masikio akavitazama vitofali ndooni. Alikuwa amewapima watoto wangapi kwenye kiti hiki, akawarudisha kwa mama zao na habari njema?

Mkufunzi akamgeukia wifi. "Wewe, nani alikufundisha kukaa pale?"

Wifi akatazama sakafu. "Nimekosea mwenyewe."

Hilo lilimuuma Bi Masikio kuliko kitu chochote alichosikia siku ile.

"Mwanafunzi kosa lake limekwisha leo," Mkufunzi akamwambia mkuu wa kliniki, huku akivaa miwani. "La huyu limeota mizizi, na kila mwanafunzi atakayepita hapa ataondoka nalo. Aende yeye. Mwanafunzi abaki, awaite watoto wote waliopimwa kwenye kiti hiki, awapime upya, kiti kikiwa kimegeuzwa."

Wifi alikuwa wa kwanza kumkumbatia. "Hongera, wifi yangu." Bi Masikio akamchungulia usoni, akitafuta japo kijembe kidogo cha kumfariji. Hakikuwepo.

Mama wa mtoto hakumtazama tena. Alimshika mwanawe mkono, akampita Bi Masikio, akaenda kumkabidhi kwa yule binti. "Mpime wewe," akasema.

Wifi akakigeuza kiti, akamvalisha mtoto hedifoni bila kumliza, akaja kukaa kwenye mashine, mabega yametulia tuli. Bi Masikio alisimama mlangoni na ile nafasi aliyoililia, akamtazama, na wivu ukamwingia upya.