Makumbusho Ilivyokula Ulezi wa Shangazi

Shangazi Epifania alifunua kapu, akachungulia ndani, akalifunika taratibu kama mtu aliyekuta nyoka amelala.

"Limerudi tupu."

"Limerudi salama, mama," akasema Bwana Nurudini, msimamizi wa jumba letu la makumbusho ya sanaa pale Kasulu. "Tumelipangusa kwa brashi. Halina hata vumbi!"

Hapo nikajua tumekwisha. Bwana Nurudini kwao Tanga. Mimi ninayewatembeza wageni jumbani ningemwonya, ila njia nzima hadi hapa Rungwe Mpya kwa shangazi alikuwa akinieleza utamaduni wetu.

Kwetu kapu hili lenye kifuniko cha ncha ni la zawadi. Likija na unga, linarudi na maharage. Ukilirudisha tupu, umemwambia mwenyewe kwamba ujirani umekufa, azike.

Na sisi tulikuwa na shida. Jumamosi tunafungua chumba cha wasusi, na kapu kubwa la shangazi, ambalo bado hatujaliomba, lilikuwa limeshachapwa kwenye mabango, yamebandikwa mpaka Kibondo.

"Kapu langu lilikuja kwenu na ulezi," shangazi akasema. "Uko wapi?"

Bwana Nurudini akanitazama.

"Tulipika uji ofisini, shangazi," nikasema.

"Ulikuwa mtamu?"

"Mno."

"Kumbe makumbusho inajua kula. Kushukuru ndiyo bado haijafundishwa."

Bwana Nurudini, jasho linamtoka, akafungua mkoba na kujaza kapu vipeperushi vya jumba, vya rangi, vinang'aa kabisa. Shangazi akachukua kimoja, akakigeuzageuza.

"Hivi vinachemshwa au vinakaangwa?"

Nikamvuta bosi pembeni, nikamnong'oneza. Akatoka mbio hadi dukani kwa Swaumu, akarudi na mchele na tende, akavitia kapuni. Shangazi alipiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika. Kisha akaingia ndani, akatoka na lile kubwa. Lilikuwa limejaa maharage mpaka ukingoni.

"Mama yangu," Bwana Nurudini akaanza kwa adabu zote za pwani, "kwenye maonyesho kapu hukaa tupu. Chakula kinaleta panya."

"Kwani mimi nimesuka ili watu watazame njaa? Likienda, linaenda hivyo hivyo. Ukiyamwaga, nalifuata."

Bwana Nurudini alifumba macho. Nadhani aliyaona yale mabango yote.

"Linaenda hivyo hivyo," akasema.

Jumamosi ikafika. Tuliweka kapu katikati ya chumba, na maharage yake, na kibao cha "Usiguse". Kina mama wa Kibondo wakalizunguka, wakasifu msuko, lakini nyuso zimewashuka kwa aibu. Wamekuta kapu la mwenzao limejaa, nao wamekuja mikono mitupu! Mmoja wao akafungua fundo la kanga, akamimina karanga juu ya maharage. Mwingine akaongeza mahindi. Bwana Nurudini akawakimbilia na glavu zake nyeupe, akapewa ndizi azishike.

Shangazi akaingia amevaa kitenge kipya. Akatazama kapu, akatazama umati.

"Sasa hapo naliona," akasema. "Na lile dogo, baba, lina mihogo yako. Nitalileta Jumatatu."

Bwana Nurudini akanigeukia polepole, ndizi mkononi.

"Akilileta na mihogo, mimi..."

"Unarudisha na kitu."

"Halafu yeye?"

"Anarudisha na kitu."

"Hii inaishaje, kijana?"

"Mmoja wenu akifa, bosi."

Akashusha pumzi kidogo.

"Hapo wanaendelea watoto," nikamalizia.