Matanuri Mawili

Mwalimu Octavian alipokuja jioni ile kumwomba Josepha azibe tanuri lake kabla ya wakati, Josepha alidhani kijana amechanganyikiwa. Tanuri la matofali halizimwi kama jiko la chai. Ukiliziba mapema, matofali ya kando hayaivi. Mwaka jana mvua ilimwahi, matofali yake yote yakarudi kuwa tope, na hadi leo mjane huyu alikuwa analala jikoni kwa mkwewe. Haya ya sasa ndiyo nyumba yenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema, ila simama mbali, usichafue shati lako jeupe."

Octavian akaeleza. Darubini ya kuazima ilikuwa uwanjani shuleni, kijiji kizima cha Puge kimekusanyika, na kesho asubuhi inarudishwa Tabora. Moshi wa Josepha ulikuwa umefunika upande ule ule wa anga waliotaka kuuona.

"Kwani kuna nini huko?"

"Kundi la nyota, mama. Linaitwa Tanuri."

Josepha akacheka hadi akashika kiuno. "Yaani nizibe tanuri langu ili mkaone tanuri la watu!"

Akamfukuza. Lakini neno lile likamganda. Miaka yote hiyo amechoma matofali, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi yake ina jina huko juu. Akatazama angani, akaona moshi wake tu. Akasonya, akakanda udongo, akaziba midomo yote ya tanuri.

Upepo ulipousafisha moshi, alikuwa ameshafika uwanjani shuleni, akainama kwenye darubini. Hakuona moto wowote. Aliona vidoa viwili vyeupe, kama unga uliopulizwa kwenye sufuria nyeusi.

"Kila kidoa ni galaksi," Octavian akamwambia. "Nyota mabilioni kwa mabilioni. Na humo ndani ya Tanuri galaksi ziko nyingi, kishada kizima. Mwanga wake umesafiri mamilioni ya miaka kuja hapa."

"Kuja Puge?"

"Kuja kwenye jicho lako, mama."

Josepha hakubanduka. Foleni ikanung'unika nyuma yake, naye akatangaza kwamba hajawahi kuona kitu kizuri kama hiki tangu azaliwe, na atakayemsukuma atamtambua.

Tanuri lilipopoa likafunguliwa, matofali ya katikati yalikuwa mekundu, ya kando yote mabichi. Yaliyoiva yalitosha chumba kimoja tu. Octavian alikuja ameinamisha kichwa. Josepha akaendelea kupanga matofali yake.

"Mwalimu, usinililie hapa. Niambie hiyo darubini mwakani inakuja mwezi gani, nichome mapema."